Sura ya Sita: Hatua ya Gurudumu

Fundi alichukua kipande cha chaki, akachora mstari ubavuni mwa tairi, pale linapokanyaga chini, kisha akachora mwingine sakafuni, sawia na ule wa kwanza. "Sukuma polepole, bwana," akaniambia. Nikaisukuma Corolla yangu mpaka ule mstari wa tairi ukapanda juu, ukazunguka, ukashuka kugusa saruji tena. Akachora hapo ulipogusa, akatandaza tepu kati ya alama mbili za sakafuni. Sentimita 204, kasoro kidogo.

Akanivuta hadi kwenye Corolla nyingine iliyokuwa ikisubiri breki, ya mwaka uleule na yangu, rangi tu ndiyo tofauti. Chaki, sukuma, chaki, tepu. Sentimita 193 na nusu.

"Yako ina hatua ndefu," akasema. "Kila inapokanyaga mara moja, inampita mwenzake kwa kiganja kizima. Na wewe unashangaa Sofia kukukamata?"

Tulikuwa Gatsata, bondeni, ng'ambo kidogo ya Nyabugogo, mahali ambapo kila mwenye gari mjini Kigali hufika siku moja, apende asipende. Gereji zimebanana na maduka ya vipuri, injini zimelala juu ya matairi ya zamani, milango ya magari imesimamishwa kama vitabu kwenye rafu. Nilikuja na ujumbe wa simu ulionidai faranga 25,000 kwa kuzidisha mwendo kwenye barabara yenye kibao cha 60. Nilikuwa na hakika kwamba kuna kosa. Nilikuwa ninautazama mshale wa spidi dakika ileile niliyopita mbele ya kamera.

Sofia ndilo jina ambalo wakazi wa Kigali wamezibatiza kamera za barabarani, wakilichukua kwa yule roboti Sophia aliyeletwa mjini kwenye mkutano wa teknolojia mwaka 2019. Kamera haijui chochote kuhusu mshale wa dashibodi yako. Yenyewe hupima mwendo wa gari juu ya lami. Mshale haupimi hivyo, na sura hii yote imesimama juu ya tofauti hiyo: gari halijui kilomita. Gari linajua mizunguko tu. Mahali fulani kwenye giaboksi au kwenye habu za magurudumu kuna kihisi kinachohesabu kitu kinachozunguka, na kompyuta inazidisha hesabu hiyo kwa namba moja iliyowekwa kiwandani, yaani urefu wa hatua moja ya gurudumu. Ukibadilisha tairi ukaweka lenye hatua nyingine, gari litaendelea kuhesabu kwa uaminifu, na litaendelea kukupa jibu lisilo sahihi.

Basi tusome kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, maana hesabu yote iko pale. Corolla nyingi za kati ya 2008 na 2012 zilitoka kiwandani na 195/65 R15. Ile 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 65 si milimita, na hapa ndipo wengi wanapoteleza: ni asilimia. Inasema kwamba kimo cha ubavu, kutoka ukingo wa rimu hadi kwenye lami, ni asilimia 65 ya ule upana. Asilimia 65 ya 195 ni milimita 127 hivi. R ni radiali, ule mpangilio wa nyuzi ambao kampuni ya Michelin ya Ufaransa iliusajili mwaka 1946 na ambao leo umeenea dunia nzima. Na 15 ni kipenyo cha rimu, ila ghafla tumehama milimita tukaingia inchi, na kila inchi ni milimita 25.4. Rimu ya inchi 15 ina milimita 381. Ongeza ubavu wa juu, 127, na ubavu wa chini, 127, unapata gurudumu lenye kimo cha milimita 635 hivi.

Kwa kuwa upana umeingia ndani ya hesabu ya kimo, huwezi kuongeza upana peke yake. Anayetoka 195/65 kwenda 215/65 kwa kuwa "anataka tairi nene kidogo tu" ameongeza na kimo bila kujua.

Gari langu nililinunua kwa mtu, likiwa tayari limevalishwa rimu za aluminiamu za namba 17. Kwa kusema kweli, zilichangia kunishawishi. Gari lilisimama vizuri, lina kifua. Matairi yalikuwa 215/55 R17. Piga hesabu: ubavu ni milimita 118, mfupi kuliko ule wa kiwandani, na kwa kuwa jicho huona ubavu kwanza, sikushuku lolote. Lakini rimu ya inchi 17 ina milimita 432. Jumla inafika 668. Gurudumu langu lilikuwa limerefuka kwa milimita 33 na ushee, zaidi ya asilimia 5. Ukizidisha kimo hicho kwa 3.14 ya shuleni hutapata ile 204 ya fundi, kwa sababu tairi lililobeba gari hubonyea kidogo pale linapokanyaga. Kwa radiali, kimo mara 3.05 hukaribia hatua halisi, na ndiyo maana tepu ya Gatsata na kikokotozi cha simu yangu vilikubaliana hadi nikacheka.

Asilimia 5 ya 60 ni 3. Ni kilomita tatu tu kwa saa, utasema. Lakini kuna jambo ambalo madereva wengi wanalijua kwa uzoefu bila kujua sababu yake. Spidomita za kiwandani hudanganya kwa makusudi, na hudanganya upande mmoja tu. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, ambayo watengenezaji wengi huifuata, inasema spidomita isionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko wa kweli, ila inaweza kuuzidisha kwa hadi asilimia kumi na kilomita nne juu yake. Gari likienda 60 ya kweli, mshale unaweza kusimama hata kwenye 70 na mtengenezaji bado yuko ndani ya kanuni. Ukisimama kwenye 59 amevunja. Ndiyo maana dereva mzoefu wa Kigali anajua kwamba mshale ukiwa juu kidogo ya 60 bado yuko salama. Mimi nilikuwa hivyo kwenye gari langu la zamani: 63 ya dashibodi ilikuwa 60 ya lami. Nikahamia na mazoea yangu kwenye gari ambalo magurudumu yake yalikuwa yameula ule upenyo wote. Sasa 63 ilikuwa 63.

Unaweza kujipima mwenyewe bila fundi. Shika barabara iliyonyooka, kama ile ya kwenda Nyamata, shikilia mshale kwenye 60, na abiria wako, si wewe, asome mwendo unaoonyeshwa na ramani ya simu yake. Simu ikisema 56 au 57, gari lako liko kama lilivyozaliwa. Ikisema 60 au zaidi, shuka ukasome ubavu wa tairi, kisha ulinganishe na kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kibandiko hicho ndicho kauli ya kiwanda: saizi ya tairi na presha ya upepo.

Kosa hilohilo huingia kwenye hesabu ya kilomita. Kwa magurudumu yangu marefu, kila kilomita 100 nilizotembea ziliandikwa 95. Oili niliyodhani naibadilisha kila kilomita 5,000 nilikuwa naibadilisha baada ya 5,250 na zaidi. Na nilipogawanya mafuta kwa kilomita, nililiona gari linakula kuliko linavyokula, kwa kuwa nilikuwa nagawanya kwa safari iliyofupishwa. Aliyeweka tairi fupi hupata kinyume chake: gari linajisifu kwa ulaji mdogo huku likizeeka haraka kwenye dashibodi. Na magari ya abiria nchini Rwanda yanayofungwa kidhibiti mwendo cha kilomita 60 kwa saa, ile spidi gavana, yanategemea hesabu ileile ya mizunguko. Ukirefusha tairi, kidhibiti bado kinaamini kinazuia kwenye 60.

Hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya habari yenyewe. Nzito iko kwenye vilima.

Kigali haina tambarare ya kukudanganya. Mji uko kwenye mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na Mlima Kigali unapanda hadi 1,850. Hewa ya huku ni nyepesi. Kanuni ya mafundi wa injini ni kwamba injini isiyo na taabo hupoteza nguvu zake kama asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda kutoka baharini. Corolla iliyoshushwa bandarini Dar es Salaam ikiwa nzima, ikifika Kigali imekwisha acha njiani karibu asilimia 15 ya nguvu zake, bila kuharibika kitu. Halafu inaambiwa ipande kutoka Nyabugogo kwenda mjini kupitia Muhima, au itoke Giticyinyoni ianze ile miinuko ya Shyorongi kuelekea Musanze, ikiwa na watu wanne na magunia mawili ya viazi wakati wa kurudi.

Sasa iongezee gurudumu refu. Injini na giaboksi huzungusha ekseli, na ekseli husukuma lami kupitia ukingo wa tairi. Ukingo ukiwa mbali zaidi na kitovu, msukumo unaofika kwenye lami unapungua kwa kiasi hichohicho. Gurudumu limerefuka kwa asilimia 5, msukumo umepungua kwa asilimia 5. Ni kama mtu ameingia kwenye giaboksi yako usiku akakuwekea gia ndefu zaidi, zote kwa pamoja. Kwenye tambarare hungejua. Pengine ungefurahi kwamba injini imetulia. Kwenye mlima wa Shyorongi giaboksi yangu ya otomatiki ilikuwa haitulii. Inashika gia ya tatu, inashindwa, inashuka ya pili, injini inalia, inapata mwendo, inarudi ya tatu, inashindwa tena. Nilikuwa nimekwisha kutumia fedha kubadilisha oili ya giaboksi na plagi nikidhani kuna ugonjwa. Hakukuwa na ugonjwa. Gari lilikuwa limevishwa viatu virefu kuliko miguu yake.

Na vizito. Nilimwomba fundi tuvipime. Rimu ya chuma ya namba 15 na tairi lake ilikuwa kilo 17 na nusu. Ile yangu ya namba 17, kilo 22. Watu wengi huamini kwamba aluminiamu ni nyepesi daima, lakini rimu pana ya bei nafuu yenye tairi pana juu yake inaweza kuishinda ya chuma kwa uzito. Kilo nne na nusu kwa gurudumu, kilo 18 kwa gari zima. Tena uzito huo hauko mahali pa kawaida. Uzito ulioko kwenye ukingo wa kitu kinachozunguka unasukumwa mara mbili, mara moja kwenda mbele na mara nyingine kuzunguka, kwa hiyo wakati wa kuondoka kwenye taa unaweza kuuhesabu karibu maradufu. Ni kama kubeba mtoto wa shule ya msingi aliyekwama milele kwenye magurudumu. Isitoshe, uzito huo uko chini ya springi. Gurudumu zito likirushwa juu na shimo, shokapu inapata kazi ya kulirudisha chini, na kabla haijamaliza kuna shimo jingine.

Kushuka kuna hesabu yake. Diski ya breki haikubadilika, lakini sasa inashika gurudumu lenye mkono mrefu zaidi, hivyo mguu unadaiwa kukanyaga kwa nguvu zaidi ili kupata usimamaji uleule. Hata injini, unapoiacha gia ya chini ikusaidie kushika gari mteremkoni, inashika kwa nguvu pungufu ya ile ya zamani. Kwenye mteremko mmoja hutahisi. Kwenye ile safari ya kutoka Musanze kurudi Kigali, yenye kona baada ya kona, harufu ya breki itakueleza.

Watu hawaweki rimu kubwa kwa ujinga, na sipendi kuandika kama wanafanya hivyo. Ubavu mfupi una faida ya kweli: ukigeuza usukani gari linajibu papo hapo, kwa kuwa hakuna mpira mwingi wa kuyumba kati ya rimu na lami. Tairi pana hushika lami kavu vizuri kwenye kona. Rimu kubwa pia huacha nafasi ya diski kubwa za breki, na ndicho chanzo chake kwenye magari ya mashindano. Na njia sahihi ipo. Kutoka 195/65 R15 unaweza kwenda 205/55 R16, na kimo kitakuwa milimita 632; au 225/45 R17, na kimo kitakuwa 634. Rimu imekua, ubavu umefupishwa kwa kiasi kilekile, na hatua ya gurudumu imebaki palepale. Mshale hautaona tofauti, giaboksi haitaona, na hata Sofia hataona. Aliyeniuzia gari angeweka 225/45 kwenye rimu zilezile, nusu ya sura hii isingeandikwa.

Lakini ningeiandika nusu nyingine. Ubavu wa 225/45 una kimo cha milimita 101, na huo ndio mto wote ulio kati ya rimu na dunia. Kigali ina lami nzuri kwenye barabara kuu, nani asiyeisifu. Ukiingia ndani ya mitaa, ukipanda zile njia za mawe, na ukikutana na dodani, jina tulilolipokea kutoka Kifaransa kwa yale matuta ya kupunguza mwendo, kila pigo linapita kwenye mto huo mwembamba. Rimu hupinda, au hupata ufa mdogo unaopitisha upepo kidogokidogo, na asubuhi unakuta tairi limelala. Halafu rimu hupelekwa kuchomelewa. Rimu ya aluminiamu iliyopasuka na kuchomelewa sitaikubali kwenye gari ambalo watoto wangu watapanda, hata kama weldi imesagwa hadi haionekani. Moto wa kuchomelea hubadilisha ugumu wa aluminiamu pembeni mwa weldi, na sehemu hiyo ndiyo hupasuka safari ijayo. Mtu akiniuliza mimi, kwa Kigali hii ninayoijua, rimu ya 15 au 16 yenye ubavu mnene ndiyo inayostahili gari dogo la familia.

Upana nao una siku yake ya kudai. Kati ya Machi na Mei, mvua ikishuka vilimani na maji yakakimbia juu ya lami kama karatasi, tairi linatakiwa kuyapasua maji ili liguse barabara. Uzito uleule wa gari ukitandazwa juu ya tairi pana zaidi, tairi hupanda juu ya maji mapema zaidi. Kama kashata zimeisha, hupanda mapema kupita kiasi.

Kosa baya kuliko yote niliyoyaona Gatsata halikuhusu urembo hata kidogo. Lilikuwa Hiace, moja ya zile Wanyarwanda walizoziita twegerane, yaani tusogeleane, kwa namna abiria wanavyokaa ndani yake. Mwenye Hiace alikuwa amepata pancha isiyozibika na fedha zake zilikuwa chache. Akaona tairi zuri, bado jipya, 195/65 R15. Tairi lake lililopasuka limeandikwa 195 R15 C. Upana ni 195 na 195, rimu ni 15 na 15. Kwake yeye lilikuwa tairi lilelile, kwa nusu bei.

Ona kilichojificha. Tairi lisiloandikwa asilimia kati ya upana na R ni tairi lenye ubavu mrefu, kama asilimia 80 ya upana, kwa desturi ya zamani ya kabla asilimia hazijaanza kuandikwa. Lile la Hiace lina kimo cha karibu milimita 690. Lile jipya lina 635. Upande mmoja wa gari ungelala, na tairi fupi lingezunguka mara nyingi zaidi kuliko mwenzake wa upande wa pili kwa kila mita, likiilazimisha difu kufanya kazi barabara nzima kama gari lililo kwenye kona isiyoisha. Hilo bado ni dogo. Herufi C ni ya magari ya biashara, na baada yake huandikwa namba za uwezo wa kubeba. Tairi la Hiace lilikuwa na 106, yaani kilo 950. Lile la gari dogo lilikuwa na 91, yaani kilo 615. Mtu akifunga manne ya aina hiyo, yote kwa pamoja yanaruhusiwa kubeba kilo 2,460, na Hiace iliyojaa abiria na mizigo yao huupita uzito huo. Tairi lililozidiwa halipasuki papo hapo. Linabonyea kupita kiasi kila linapozunguka, linapata joto, na linasubiri siku ya jua, mteremko mrefu na gari lililojaa.

Fundi alikataa kulifunga. Yule mwenye Hiace alikasirika, akasema atampata mwingine wa kulifunga. Muzehe, yaani fundi wetu, akamjibu kwa Kinyarwanda jambo ambalo sikulisikia vizuri, kisha akalibingirisha tairi kuukuu la C kutoka nyuma ya banda, lenye kashata bado, akamwambia achukue alipe mwisho wa wiki.

RAV4 za 4x4 hufika pale zikiwa na homa nyingine. RAV4 iliyoanza kuuzwa 2006 ilitoka na saizi kadhaa, mojawapo 225/65 R17, kimo milimita 724. Mwenye gari anabadilisha matairi mawili tu ya mbele, dukani kuna 225/60 R17, muuzaji anasema ni sawa tu. Kimo chake ni 702. Hayo ya mbele sasa yanazunguka kama mara 14 zaidi ya ya nyuma kwa kila kilomita moja. Ukienda Huye, umbali wa kilomita 130 hivi, umepata mizunguko zaidi ya 1,800 ambayo mfumo wa 4x4 lazima uimeze kwa kuteleza ndani yake, na kuteleza kwa chuma ndani ya oili ni joto. Taa ya ABS nayo inaweza kuwaka, kwa sababu kompyuta inayaona magurudumu ya mbele yanakimbia kuliko ya nyuma na inadhani kuna linaloserereka. Kwa gari la 4x4, matairi manne yabadilishwe pamoja, ya saizi moja, na ikiwezekana ya umri mmoja. Umri umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Nilirudi Gatsata wiki iliyofuata na rimu nne za chuma za namba 15 na matairi 195/65. Fundi alipandisha gari kwa jeki, akashusha zile za 17 moja baada ya nyingine, akaniita nione plastiki ya ndani ya madigadi. Ilikuwa imelika na kung'aa pale tairi lilipokuwa likiisugua kila nilipokata kona gari likiwa limejaa. Ule mlio niliudhani ni beringi.

Tukiwa katika kufunga nati, kijana mmoja mwenye Golf aliziona rimu zangu zimeegemea ukuta, akauliza bei. Nilikuwa tayari kuziuza. Fundi akamzuia kwa mkono, akachukua rimu moja akaisogeza hadi kwenye Golf iliyokuwa imefunguliwa gurudumu. Matundu ni matano na matano. Yanakaribia kabisa. Kijana akatabasamu.

"Angalia tena, mwanangu," muzehe akasema, akiingiza bolti ya kwanza, ikaingia. Ya pili ikaingia kwa kusukumwa. Ya tatu ikakaa upande, kichwa chake kimeinama kama mtu aliyesinzia kwenye basi. Matundu ya Toyota yangu yako kwenye duara la milimita 114.3, ya Golf yako kwenye duara la 112. Milimita mbili na kidogo. "Hii ukiikaza kwa nguvu itakaa," akaendelea. "Itakaa mpaka Muhima. Baada ya Muhima italegea."

Kijana akauliza kama hakuna bolti za kurekebisha. Zipo, akaambiwa, ila tundu la katikati la rimu nalo si la Golf, na rimu isiyokaa vizuri kwenye habu hutikisika hata kama bolti zote zimeshika. Kijana akaitazama rimu kwa muda mrefu kidogo. Nami niliitazama hivyohivyo siku niliyonunua gari.

Muzehe akaacha mazungumzo hapo, akarudi kwenye Corolla yangu, akaishusha chini, akatoa chaki mfukoni. Mstari ubavuni, mstari sakafuni. Safari hii hakuniambia nisukume. Nilikuwa tayari nimeinama nyuma ya buti. Tepu ikatandazwa juu ya saruji yenye mafuta. Kijana akainama asome.

"Mia tisini na tatu na nusu," akasema.

Siku hiyo nilipitia Shyorongi makusudi, bila safari yoyote ya kwenda. Kwenye ule mpando mrefu baada ya kona ya kwanza, giaboksi ilishika gia ya tatu, na ikabaki nayo hadi juu.